Unyayo Chini ya Chungu

Mume wangu aliporudi kutoka vitani ndipo nilipomtamani kuliko miaka yote minne aliyokuwa Bama, ng'ambo ya bahari. Mtu akiwa mbali, moyo unajua kazi yake, unangoja. Lakini Gona alirudi, akawa analala hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, katika banda la kukaushia nazi za mbata, yeye nje na mimi ndani, miezi saba mizima. Shangazi yangu alinifunda mengi kabla ya harusi. Namna ya kumpelekea mumeo chai bandani kisha ukarudi ndani peke yako hakunifunda.

Sababu ilikuwa mguu wake wa kulia. Cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa Mwakirunge, kando ya njia ya kuteremkia hori, ule mkono wa bahari, nyumba ya udongo na makuti aliyoijenga baba mkwe wangu, marehemu Lewa. Mwenye sauti sasa alikuwa mavyaa wangu, mama yake Gona, Nyevu. Na katika nyumba ya Nyevu, mtu mwenye safari ndefu hakutoka hivi hivi. Siku ya kuondoka, sakafu ilisiribwa upya hapo karibu na mlango, na msafiri akitoka aliukanyaga ule udongo mbichi kwa mguu wa kulia, vidole vikitazama nje. Unyayo ukikauka ulifunikwa chungu, ukakaa hapo mpaka mwenyewe arudi. Akirudi, kabla hajalala ndani, alitia mguu wake mle mle. Ukienea, amerudi. Usipoenea, bado yuko njiani, hata kama umemwona kwa macho yako na kumpa mkono.

Bibi yake Nyevu alifanya hivyo, mama yake pia, na Nyevu hakuona kwa nini ubatizo uingilie mambo ya sakafu. Nilijaribu mara moja tu kumshawishi.

"Mama," nikamwambia, "Mwalimu Absalom wa kanisani anasema mambo haya ni ya giza."

"Mwalimu Absalom amewahi kufiwa na mume?"

"La, Mama."

"Basi mwache asome vitabu vyake."

Yeye alifiwa. Lewa alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vile vya kwanza, akarudi miguu imevimba, na kwa furaha akakiruka chungu, akasema atakishughulikia kesho, akaingia kwa mkewe. Wiki ya tatu homa ikamwondoa, Gona akiwa bado ananyonya. Sasa nenda wewe ukamwambie mjane wa namna hiyo kwamba ilikuwa homa tu.

Gona alikanyaga udongo wake mwaka wa arubaini na mbili, mvua za masika zikianza. Tulikuwa na miezi minne tu katika ndoa. Kazi yake ilikuwa kukwea minazi, na mguu wake ulikuwa mguu wa mkwezi kweli kweli: mpana mbele, vidole vimeachana, kidole gumba kimesimama mbali na wenzake kama kimegombana nao. Unyayo ule niliutunza mimi. Kila mwezi nilipoisiriba sakafu niliuzunguka kwa vidole, polepole, nisiuguse ukingo. Na Nyevu akiwa kisimani, nilikuwa nakifunua chungu, naweka kiganja changu mle ndani. Kiganja kilikaa sawasawa, kisigino cha mkono katikati ya wayo, na dole gumba langu likapata nafasi yake palepale penye dole gumba lake. Uso wa Gona ulianza kunipotea mwaka wa pili. Mguu wake haukunipotea hata siku moja.

Alirudi mwezi wa tatu, mwaka wa arubaini na sita. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka barazani nikasikia njiani kwa, kwa, kwa. Nikafikiri ni askari wa serikali anakuja kumtafuta mtu. Kumbe ni Gona, ameshuka kwenye gari la moshi, akavuka daraja la Nyali kwa miguu, na mabuti yamepigwa rangi yanang'aa. Nilitaka kumkimbilia, lakini mavyaa wangu alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, mikono yote miwili imeshika miimo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu."

Gona aliketi juu ya kinu, akavua. Alivua taratibu, kama mtu asiyetaka kufika mwisho. Soksi ilipotoka, aliuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, na hapo ndipo nilipocheka, nikidhani ananifanyia mzaha. Halafu nikauona. Vidole vilikuwa vimebanana vyote kama mbuzi waliokimbilia penye paa moja wakati wa mvua. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya jirani yake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja chini, kucha haionekani. Ubavuni kulikuwa na kifundo chekundu, na wayo umelala bapa, laini, mweupe kama wa mtoto mchanga. Nikaacha kucheka.

Nyevu alifunua chungu. Gona akatia mguu. Kisigino kilikaa, lakini mbele ule mguu ulikuwa kama mgeni katika nyumba kubwa. Mavyaa wangu macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo alipiga magoti akapima kwa kidole chake. Kilipita chote kati ya mguu na ukingo.

"Bado," akasema, akafunika.

"Bado nini, Mama?"

"Bado hujarudi."

Nilimtazama Gona. Huyu ni mtu aliyepigana na Wajapani, nikajua atamwondoa mama yake mlangoni kwa upole na kuingia. Hakufanya hivyo. Aliokota mabuti yake akaenda banda la mbata. Siku mbili sikusema naye. Nilimpelekea chakula na kukiweka chini kwa kishindo ajue.

Siku ya tatu alinishika ncha ya leso.

"Kahaso, usinikasirikie. Kule tulikaa miezi na mvua, buti halivuliwi mchana wala usiku. Buti lenyewe waliponipa nilisema ni jembamba, wakaniambia mguu utazoea. Ukazoea. Nikawa naota natembea hapa uani na mchanga haunijui. Mama amesema jambo ambalo mimi mwenyewe ninalijua."

"Mimi nakujua," nikamwambia.

"Wewe, ndiyo."

Nilirudi ndani nikalia mpaka mto ukalowa. Nilikuwa na hamu naye, siwezi kusema kwa namna nyingine. Asubuhi nikamwendea mavyaa wangu.

"Mama, mguu ule nikiunyosha?"

Alifikiri sana. "Mguu tu," akasema. "Mguu ndio wenye deni la njia, uguse. Juu ya hapo, bado ni mgeni."

Basi hiyo ndiyo sehemu ya mume wangu niliyopewa, kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Mungu anisamehe, nilifurahi hata kwa hiyo.

Mimi ni msukaji wa mikeka. Miyaa ya kusukia ikikauka imepinda, ukiivuta kwa nguvu inakatika, kwa hiyo unailoweka kwanza, unainyosha kidogo, unaiwekea uzito, kesho tena. Sikujua njia nyingine, nikaufanyia mguu hivyo hivyo. Kila alfajiri niliuloweka katika maji ya moto na chumvi, nikaupaka mafuta ya nazi, nikashika kidole kimoja kimoja na kukivuta, kisha nikakizungusha polepole. Mwanzo Gona aliuma meno. Kidole cha mwisho hakikujua hata kwamba ni kidole. Nilimwambia akichezeshe, akakitazama kwa jitihada yote, na kikalala tu.

"Kinanidharau," akasema.

"Kimekaa jeshini muda mrefu. Kinangoja amri."

Alicheka, na mimi nikasahau kwamba tuko bandani.

Nilishona vifuko vidogo vya kitambaa, nikavijaza sufi, nikavipachika katikati ya vidole ili visirudiane. Alivivaa mchana kutwa, akitembea uani peku, miguu imetanuka kama ya bata. Mabuti niliyatundika juu ya boriti la banda, na yeye mwenyewe akayageuzia ukutani. Jioni nilimwaga korosho chini naye aziokote kwa vidole vya mguu, atie kikapuni. Siku ya kwanza aliokota moja, na jasho likamtoka. Kanisani walisikia, wakasema mke wa Gona anamfundisha mumewe kazi za nyani. Niliwaacha waseme. Wao walikuwa wanalala na waume zao.

Kila mwisho wa mwezi Nyevu alifunua chungu, Gona akatia mguu, na mama akapima kwa kidole. Mimi sikuruhusiwa kukaribia. Tangu Gona arudi, mavyaa wangu alikuwa amelihamishia jamvi lake kando ya chungu, akishinda hapo kama bawabu. Hata kanisani aliacha kwenda. Magoti, alisema. Tuliporudi Jumapili tulimkuta ameketi palepale, bakuli la maji kando yake, na kucha zake zina udongo. Nikadhani amekwenda kuchimba muhogo, nikamgombeza kwamba mtu mwenye magoti mabovu hachimbi muhogo.

Mwezi wa tano alikuja Mbwana, mkwezi kutoka Jomvu Kuu, ambaye alituangulia nazi miaka yote Gona alipokuwa hayupo. Alimkuta Gona na vifuko vyake vya sufi.

"Gona! Wallahi, huo mguu au kitanda?"

"Ni dawa ya mke wangu."

Mbwana aliinama akautazama kwa makini, maana wakwezi huangaliana miguu kama wapiga ngoma wanavyoangaliana mikono. "Dawa nzuri," akasema, "lakini mguu umelala. Vidole kuachana si kazi, kazi ni kushika. Mpeleke horini maji yakitoka, bibie, atembee katika matope ya mikoko. Matope yale hayana huruma, usiposhika kwa vidole unabaki huko."

Tukaenda. Kila maji yalipotoka tuliteremka horini, mimi nimesimama penye mchanga na leso yangu, yeye ndani ya matope mpaka mashavu ya miguu. Alianguka mara nyingi, akatoka mweusi mwili mzima, meno tu yanaonekana. Lakini wiki zilivyokwenda niliona alama anazoacha pale mchangani akipanda. Kwanza zilikuwa nyembamba na bapa, alama za mtu yeyote. Halafu kidole gumba kikaanza kujitenga. Halafu katikati ya wayo pakaanza kuinuka, mchanga ukabaki mkavu pale. Nilikuwa nageuka nyuma kuzitazama tukipanda nyumbani, na moyo unanienda mbio kama msichana.

Mwisho wa mwezi wa sita kidole cha Nyevu kilipita nusu tu. Nilipika wali. Mwezi wa saba ukucha ndio uliopita. Mwezi wa nane mavyaa wangu alipima mara mbili, akasema, "Unakaribia." Nilianika godoro juani. Nilikwenda kwa mama yangu kukopa uturi.

Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa nilikuwa nasomba maji, nikasikia dafu linaanguka nyuma ya nyumba. Mbwana hakuwa na zamu siku ile. Niliweka mtungi chini nikaenda. Juu kabisa ya mnazi ulioko karibu na banda alikuwa Gona, bila kamba, mguu wa kulia umekumbatia mti na vidole vimezama katika vile vipandio vilivyochongwa na baba yake.

"Kahaso!" akaita. "Naiona Mombasa yote!"

"Shuka!" nikapiga kelele, na nilikuwa nalia. "Shuka, nimechoka kukuona kwa mbali!"

Alishuka, na siku ya kupima ikafika. Nilijipaka uturi saa tisa mchana, bila aibu.

Gona alitia mguu. Kisigino kikakaa. Halafu kidole gumba kikapanda juu ya ukingo kikakataa kushuka, na kidole cha mwisho, kile kile kilichokuwa kinamdharau, kikapanda juu ya ukingo wa pili. Mguu ulikuwa mpana kuliko unyayo. Nyevu alipapasa. Akapapasa tena. Uso wake ukawa kama majivu, akasema kwa sauti ndogo, "Bado."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka niliwaza jambo moja tu: nimeupitiliza. Kwa tamaa yangu nimeuvuta mguu wa watu mpaka umepita alivyouumba Mungu. Tulingoja mwezi mmoja tena, bila sufi, bila matope, nikiomba mguu upungue. Mwisho wa mwezi wa kumi ukawa vilevile.

Gona aliutoa mguu. Alikwenda bandani. Tulisikia kitu kizito kinaburutwa, halafu mtu anaguna kwa maumivu. Nilikimbia. Alikuwa ameketi juu ya kinu, buti la kulia mikononi, anausukuma mguu ndani kwa nguvu zote.

"Gona, unafanya nini?"

"Nalivaa. Nitalivaa wiki mbili, mguu ubanane, nienee, niingie nyumbani mwangu." Machozi yalikuwa yanamshuka, mtu ambaye sikumwona kulia hata siku ya kuondoka. "Nimechoka, Kahaso. Nimechoka kuwa mgeni."

Lakini buti lilikataa. Lilifika katikati ya mguu likakwama. Mguu ulikuwa umekwisha kujijua.

Nilirudi ndani sijui natafuta nini. Chungu kilikuwa bado kimefunuliwa, na mavyaa wangu ameketi kando yake amejiinamia. Nikapiga magoti. Nikafanya kile nilichokuwa nikikifanya miaka minne kila nilipozidiwa: niliweka kiganja changu ndani ya unyayo.

Hakikuenea. Dole gumba langu halikupata mahali pake. Nililisukuma, likagonga udongo. Nikapapasa ukingo, nikaona ni laini kuliko sakafu, na pale penye kidole gumba palikuwa na alama ndogo ya duara, alama ya dole la mtu.

Nikainua macho. Nyevu alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mama," nikasema. "Huu si ule."

Alijifuta udongo uliokuwa katika kucha zake.

"Nilianza mwezi wa Pasaka," akasema. "Niliuona mguu ule, mwanangu, nikajua hautarudi. Mguu ulioliwa na buti miaka minne utarudi wapi? Na kumwingiza bila kuenea siwezi, nilimwingiza baba yake. Nikasema, basi unyayo ndio umfuate yeye. Kila Jumapili mkienda kanisani, tone la maji, naukaza kidogo kwa dole. Kidogo tu. Nilikuwa nampunguzia Mungu kazi."

"Na mimi nilikuwa naunyosha mguu, Mama! Kila alfajiri!"

"Nilidhani unajipa moyo tu. Macho yangu hayaoni, Kahaso. Kila kidole changu kilipobanwa zaidi nilisema ni mimi ninayeweza." Akaanza kulia kwa sauti. "Kumbe nyinyi mnakuja na mimi naondoka. Na sasa siukumbuki ule wa kwanza ulivyokuwa. Nimeupoteza."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na haki, miezi saba yangu ilikuwa pale sakafuni imesagwa. Lakini nilimtazama, nikaona mwanamke aliyeshinda kando ya chungu tangu masika, akibana udongo kwa kidole ili mwanawe apate kuingia, na hasira ikanikosa pa kukaa. Nikamshika mikono.

Gona alikuwa amesimama nje ya mlango, buti limemning'inia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," akasema, "nipime."

"Nitakupimia nini, mwanangu? Kipimo nimekiharibu."

"Nipime kwa mikono yako."

Aliketi kizingitini akampa mguu. Nyevu aliushika kwa mikono yote miwili, akaupandisha mapajani. Alianza na kisigino. Akapita chini ya wayo, pale palipoinuka, akasimama hapo kidogo. Akashika kidole kimoja kimoja, akiingiza kidole chake katika kila nafasi, mpaka akafika kwenye kile cha mwisho. Gona akakichezesha. Mama yake akashtuka, halafu akacheka huku machozi yanamtiririka.

"Nilikuwa nakikamata hiki ukinyonya," akasema. "Kilikuwa hakitulii. Huu ndio. Kahaso, huu ndio mguu uliotoka hapa."

Aliniambia nilete maji na udongo. Aliyamimina maji juu ya unyayo ule wa zamani, akaukanda kwa mikono yake mpaka ukapotea, akausawazisha. Kisha akajivuta kando.

"Kanyaga," akasema. "Safari hii tazama ndani."

Gona akakanyaga. Udongo ulipanda katikati ya vidole vyake, akauacha mguu pale kwa muda, kisha akainua wa pili akaingia. Nilisimama kando ya kitanda changu na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Unyayo ule uko mpaka leo, vidole vinatazama chumbani, nami nikisiriba sakafu nauzunguka. Jioni ile mavyaa wangu alishika chungu kwa mazoea akitaka kuufunika. Nilimpokonya, nikakiosha, nikakipikia kunde, na Gona akala ndani.